Matofali ya karatasi na simenti: mliojengea, tupeane uzoefu

Wakuu, nina magazeti na maboksi yamejaa stoo, nataka niyageuze matofali badala ya kuyachoma. Maelezo ya juu juu ninayo: loweka, saga, changanya simenti, mimina kwenye kalibu. Nawataka mlioshika hilo rojo kwa mikono yenu na mkaona mvua inaufanya nini ukuta. Mazuri na mabaya yote leteni.

Mzee wa Rojo
Kazi yote ipo kwenye maji, mkuu. Magazeti na maboksi ukiyalowesha usiku kucha yanasagika hadi yanakuwa uji. Karatasi za majarida zile zinazong'aa zinasumbua, na bahasha zenye kidirisha cha plastiki kichomoe kwanza. Mashine yangu ni ekseli ya nyuma ya gari kuukuu: difu (boksi la gia la katikati ya ekseli) nimeigeuza itazame juu, pipa limekaa juu yake, ndani kuna kisu cha mashine ya kukatia majani. Naivuta nyuma ya gari. Magurudumu yakizunguka na kisu kinazunguka. Kalibu isiwe na kitako, iweke juu ya wavu maji yachuruzike. Jaza mpaka juu, na bado utakuta tofali limeshuka. Halafu subira, maana nje linakauka mapema lakini ukilikata katikati ni bichi. Hesabu wiki, si siku.

Bi Mkubwa wa Banda
Mimi nimejengea banda na stoo. Wepesi wake raha tupu, watoto wanayabeba wakicheka. Msumeno wa mbao unalikata, msumari unaingia bila kulipasua, na joto la mchana linabaki nje. Ila jirani alianzia ukuta wake chini kabisa, udongoni. Msimu mmoja wa mvua, ukungu mweusi ukapanda hadi magotini. Pandisha msingi wa mawe au zege juu ya ardhi, tandika nailoni, ndipo tofali la kwanza likae. Na paa litoke nje vya kutosha.

Mbishi
Si karatasi hizo? Cheche moja tu, kwaheri nyumba.

Mzee wa Rojo
Mbishi, hilo nililijaribu. Matofali mawili makavu, moja simenti kiduchu, jingine simenti ya kutosha na mchanga. Nikaweka kaa la moto juu ya kila moja. Lile lenye simenti na mchanga likaungua rangi tu, basi. Lile jingine halikutoa hata mwali; lilifuka polepole kwa ndani, na asubuhi nikakuta tundu la kuingiza ngumi, kingo zake bado za moto. Hapo ndipo penye hatari, unaweza kulala ukidhani umezima. Kwa hiyo simenti usiibanie, na mchanga usiuogope japo unaongeza uzito. Faida yake nyingine, tofali halisinyai sana.

Fundi Paneli
Mimi rojo hilo nalimimina paneli, yaani vibao vipana vya ukuta. Zina tabia ya kupinda, kwa sababu upande wa juu unakauka kwanza na kuvuta. Mimina nyembamba, katikati laza wavu wa kuku, kaushia kivulini na uzigeuze kila siku. Kwa kuta za kugawa vyumba nazipenda kuliko matofali. Na jambo jingine: tofali hili likilemewa halipasuki, linabonyea. Nguzo na mihimili ibebe paa, lenyewe lijaze nafasi tu. Wanaolipandishia ghorofa mimi simo.

Mwenye uzi
Nimewapata. Na lipu je, simenti au chokaa? Udongo wa kujengea mnatumia upi?

Bi Mkubwa wa Banda
Kujengea, rojo hilo hilo. Lipu mimi chokaa, maana inauacha ukuta upumue. Ya simenti ngumu inafungia unyevu ndani, na ukuta ukicheza kidogo inafanya nyufa. Ila usipake chochote mpaka ukuta umekauka kweli kweli, hata kama fundi ana haraka ya kulipwa.