Mrejesho: usingizi umerudi

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza mwezi uliopita kuhusu kukosa usingizi na kuamka nimechoka kama niliyelima usiku kucha. Mliniambia niache kahawa ya jioni, simu ilale mbali na kitanda, na asubuhi nitoke nje nipate mwanga wa jua.

Kahawa ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Kikombe cha mwisho nilikuwa nakunywa saa 11 jioni, kumbe hata zikipita saa 5 hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Sasa mwisho wangu ni saa 6 mchana. Siku tatu za kwanza kichwa kiliniuma kweli, nikataka kukata tamaa. Siku ya nne kikatulia chenyewe.

Simu naichaji sebuleni. Usiku wa kwanza mkono ulikuwa unapapasa chini ya mto, unaitafuta.

Asubuhi natembea dakika 20 kabla ya kuoga, na hili nalipenda kuliko yote. Ikifika saa 4 usiku macho yanakuwa mazito yenyewe. Bado naamka mara moja usiku, ila usingizi haukawii kurudi. Na yule aliyenisisitiza nikapime damu, nilienda, majibu ni mazuri. Asanteni sana, Mungu awabariki.