Kazi ya muda miezi 3, mkataba wa nyumba miezi 12: nisaini?

Mhitimu_Mpya:
Habari za humu wakuu. Nimemaliza chuo na nimepata kazi ya muda ofisini kupitia wakala wa ajira: kuingiza data, kupanga mafaili, kupokea simu. Mkataba ni wa miezi 3 na umeandikwa "unaweza kuongezwa". Malipo ni kwa saa, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni, naanza tarehe 18. Wenzangu wawili wamepata nyumba ya vyumba 3. Mwenye nyumba anataka mkataba mmoja wa miezi 12 wenye majina yetu yote, dhamana ya mwezi mmoja, na kodi ilipwe kila tarehe 1. Vyumba vina mita za mraba 16, 12 na 8. Mimi nimeachiwa hicho cha 8, na wanataka tugawane kodi sawa kwa sawa. Nisaini? Kodi tugawane vipi? Na kazini niwe makini na nini? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Hesabu:
Hongera, mkuu. Kabla ya nyumba, muulize wakala tarehe mbili: hesabu za mishahara zinafungwa lini, na pesa inatoka lini. Wengi huuliza ya pili tu.

Tuseme hesabu hufungwa tarehe 15 na mshahara hutoka tarehe 30. Ukianza tarehe 18, mwezi huo umeshakupita. Pesa yako ya kwanza itatoka tarehe 30 ya mwezi unaofuata, yaani siku 42 tangu uanze, kama mwezi una siku 30. Hapo katikati tarehe 1 ya kodi itakuwa imeshafika, na dhamana italipwa hata kabla ya kuhamia. Kwa hiyo pesa ya kuwa nayo mkononi ni fungu lako la dhamana, kodi ya mwezi wa kwanza, na nauli na chakula cha wiki 6. Ukiwa huna, muombe mwenye nyumba tarehe ya kodi isogezwe hadi tarehe 3 au 5. Wengi hukubali wakiombwa kabla ya kusaini. Baada ya kusaini utaonekana msumbufu.

Sasa karatasi ya saa za kazi. Saa 2 hadi saa 11 ni saa 9. Ukitoa saa 1 ya mapumziko isiyolipwa zinabaki 8, wiki nzima 40. Kosa linalowala wengi ni la dakika. Ukifanya kazi saa 7 na dakika 45, kwa desimali ni 7.75. Ukiandika 7.45 umejipunja dakika 18. Ukirudia kosa hilo siku 20, saa 6 zimeyeyuka, na hakuna atakayekufuata kukuambia.

Msimamizi asaini karatasi siku yenyewe ya kufunga wiki, na upige picha nakala yako. Jua mapema nani anasaini asipokuwepo. Karatasi isiyosainiwa hadi tarehe ya kufunga husogezwa mwezi unaofuata, hata kama kazi uliifanya na kila mtu alikuona.

Jambo jingine: mara nyingi anayelipwa kwa saa halipwi sikukuu wala siku ya kuumwa, labda mkataba useme vinginevyo. Bajeti ya nyumba ipige kwa siku 18 za mwezi, usihesabu 22.

Mpangaji_Sugu:
Naongezea kwenye mkataba wa nyumba maana hapo ndipo penye moto. Mkataba mmoja wenye majina matatu kwa kawaida huwa na sentensi inayosema wapangaji wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja". Maana yake, mmoja akiacha kulipa, mwenye nyumba ana haki ya kudai kodi yote kutoka kwa yeyote aliyebaki, wewe wa chumba cha mita 8 ukiwemo. Makubaliano yenu ya kugawana hayamfungi yeye. Na mkioneshana mlango mwezi wa 4 wa upangaji, jina lako likiwa bado kwenye karatasi deni linakufuata, hata kama funguo ulisharudisha.

Kwa mtu mwenye kipato cha uhakika cha miezi 3, mimi nisingesema usisaini kabisa. Ila usisaini kama ulivyo. Omba moja ya haya, kwa mpangilio huu:

Kwanza, kila mtu awe na mkataba wake wa chumba chake. Ndio salama zaidi, ila wenye nyumba wengi hawapendi kwa sababu chumba kikikaa tupu hasara ni yao.

Likishindikana hilo, omba kipengele cha kujitoa: kuanzia mwezi wa 4 wa mkataba mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja ya maandishi.

Hilo nalo likikataliwa, kipengele cha mbadala. Anayeondoka anatafuta mtu wa kuchukua nafasi yake, mwenye nyumba anamkubali, mgeni anamlipa anayeondoka fungu lake la dhamana, na mkataba unabadilishwa majina kwa saini za wote. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka. Wanapeana funguo na pesa sebuleni, mambo yanaishia hapo, na kisheria aliyeondoka bado ni mpangaji.

Akikataa yote matatu, tafuta chumba kwa mtu ambaye tayari ana nyumba, angalau hadi ujue kama kazi itaongezwa. "Unaweza kuongezwa" si ahadi. Uliza kwa barua pepe wiki 4 kabla ya mkataba kuisha, na mwanzo wa wiki hiyohiyo anza kutuma maombi kwingine.

Halafu msitume pesa yoyote kabla ya kuiona nyumba kwa macho na kuthibitisha kuwa anayepangisha ni mwenyewe au ana idhini ya maandishi. Risiti ya dhamana iwe na majina yote matatu na kiasi alichotoa kila mmoja. Ikiandikwa jina la mmoja, siku ya kurudishiwa mtakuwa mnamwomba yeye.

Rula_na_Kalamu:
Kugawana sawa kwa vyumba vya 16, 12 na 8 ni kumfadhili mwenye chumba kikubwa. Lakini nako kugawa kodi yote kwa ukubwa wa vyumba si haki, maana jiko, sebule na bafu mnatumia sawa. Njia nzuri ni kuigawa kodi mafungu mawili.

Pima nyumba nzima ndani. Tuseme ni mita za mraba 60. Vyumba vyenu vinachukua 36, sawa na asilimia 60. Maeneo ya pamoja ni 24, asilimia 40. Ile asilimia 40 gaweni kwa watu watatu: 13.3 kila mmoja. Ile 60 gaweni kwa ukubwa: chumba cha 16 kinabeba 26.7, cha 12 kinabeba 20, cha 8 kinabeba 13.3. Jumlisha. Chumba kikubwa kinalipa asilimia 40 ya kodi, cha kati 33.3, chako 26.7.

Kwa hiyo mwenye chumba cha kati hapati wala hapotezi, anabaki kwenye theluthi yake. Mazungumzo ni kati yako na wa chumba kikubwa tu. Hilo litakurahisishia kazi mezani.

Kinyozi_wa_Hoja:
Rula anasema vizuri ila mita za mraba hazijui kila kitu. Chumba cha 16 kikiwa kimepakana na barabara yenye kelele na cha 8 kina bafu lake, hesabu inageuka. Kwenye hali hiyo kila mmoja aandike kwa siri bei anayoona inafaa kwa kila chumba, sharti bei zake tatu zijumlike kuwa kodi kamili. Fungueni pamoja. Jaribuni kila namna ya kuwapanga, chagueni ile ambayo bei walizoandika watu kwa vyumba wanavyopewa zinatoa jumla kubwa zaidi. Jumla hiyo kwa kawaida inazidi kodi. Ziada igawanywe kwa tatu na kila mmoja apunguziwe. Kila mtu analipa chini ya au sawa na alichoandika mwenyewe, hivyo manung'uniko hupungua.

Dhamana nayo igawanywe kwa uwiano uleule wa kodi. Watu husahau.

Dada_Mapokezi:
Mdogo wangu, mimi nakuja na ya ofisini. Mfanyakazi wa muda hupimwa wiki ya kwanza, na hupimwa kwa vitu vidogo.

Excel kwanza. Namba ya simu inayoanza na sifuri ukiibandika hivihivi, sifuri inaliwa. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 inageuzwa tarakimu za mwisho kuwa sifuri, na hapo hairudi tena hata ubadilishe mpangilio baadaye. Dawa ni moja: chagua safu, iweke kwenye mpangilio wa maandishi KABLA ya kubandika. Tarehe kama 03/04 thibitisha kama kompyuta ya hapo inaanza na siku au mwezi. Na unapopanga orodha kwa alfabeti, chagua jedwali lote. Ukichagua safu ya majina peke yake, majina yatahama na namba zitabaki pale pale, kila mtu atakuwa na namba ya mwenzake. Ukihifadhi na kufunga, imekula kwako. Kabla ya kugusa faili la mtu, tengeneza nakala.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka-mwezi-siku, kwa mfano 2025-03-07, halafu mada. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa tarehe.

Ujumbe wa simu una vitu sita: jina, anakotoka, namba, saa aliyopiga, anamtaka nani, anataka nini. Namba msomee tena, tarakimu mbili mbili. Barua pepe ya watu wengi wasiojuana weka anwani zao kwenye nakala fiche (BCC), ili wasionane. Kuanika anwani za wateja ni kosa linaloweza kukuondoa siku hiyohiyo.

Mashine ya nakala ikikwama karatasi, ivute kwa mikono miwili kuelekea upande inakokwenda, usiichomoe kwa nguvu kurudi nyuma. Ikichanika, unganisha vipande mezani uone kama kuna pembe imebaki ndani. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikigusa kihisio, mashine itaendelea kudai imekwama na fundi ataitwa kwa ajili yako.

Kuanzia wiki ya kwanza andika utaratibu wa kila kazi unayofundishwa, hatua kwa hatua. Kwanza hutauliza jambo moja mara tatu. Pili, mwezi wako wa 3 kazini ukimkabidhi msimamizi kurasa hizo zikiwa safi, sababu ya kukuongezea mkataba anayo mkononi.

Mzee_wa_Hesabu:
Nilisahau: huyo wakala amekutoza ada ya kujiandikisha? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unakataza wakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada, ingawa unaruhusu nchi kuweka vighairi na unazibana nchi zilizouridhia tu. Wakala hulipwa na mwajiri. Anayedai pesa ndipo akupe kazi, kaa naye mbali.

Mhitimu_Mpya:
Hajatoza chochote, asante. Nimewapelekea wenzangu zile asilimia, wa chumba kikubwa amenuna kidogo lakini amekubali. Mwenye nyumba amekubali kipengele cha mbadala, nasubiri akiandike. Kimebaki kimoja: umeme, maji na intaneti. Mmoja wetu ana mchumba anayelala pale siku 4 kwa wiki.

Mpangaji_Sugu:
Intaneti gaweni kwa tatu, haijali nani kalala. Umeme, maji na gesi hesabuni kwa vichwa: mgeni wa kuanzia usiku 3 kwa wiki ahesabiwe nusu mtu. Bili inagawanywa kwa 3.5, na mwenzenu mwenye mgeni analipa 1.5, sawa na asilimia 43 hivi. Ninyi wawili mnabaki na takriban 28.5 kila mmoja. Mkubaliane sasa, kabla bili ya kwanza haijaja. Ikishafika mezani itaonekana mnamlenga mtu. Na someni mkataba, baadhi hukataza mgeni kulala zaidi ya idadi fulani ya siku.

Bili zisiwe zote kwa jina lako. Kila mmoja ashike moja, ili akichelewa mtu wote mnabanana.

Siku ya kuingia, kabla hata begi moja halijaingia, pigeni picha mita za umeme na maji zikionesha tarakimu. Kisha kuta zote, soketi, sakafu, na chini ya sinki mkiwa mmefungua bomba dakika 2. Fungeni kila dirisha muone kama linafunga. Tumeni picha zote kwa mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo, nyote watatu mkiwa kwenye nakala. Picha zilizobaki kwenye simu ya mtu mmoja hupotea na simu.

Dada_Mapokezi:
Na hicho kipengele cha mbadala akikiandika, hakikisha kimesainiwa kwenye ukurasa wa mkataba wenyewe au kiambatisho chenye tarehe. Ujumbe wa simu wa "sawa, nimekubali" usiupokee kama mkataba.

Mhitimu_Mpya:
Ameuleta leo jioni, umo kama kifungu cha 9, na mabadiliko ya majina yametajwa. Tunasaini kesho tukiwa wote.