Mjadala: Fanzini za soka za Uingereza zilishinda, au zilipika wakaja kula wengine?

Jezi Kuukuu (mfungua mada)

Wakuu, kila zinapotajwa fanzini za soka, yaani vile vijarida ambavyo mashabiki wa Uingereza waliviandika, wakavichapa na kuviuza wenyewe nje ya viwanja, hadithi ni ileile: shabiki wa kawaida alipata sauti, soka likastaarabika, watu wakaishi raha mustarehe. Mimi hadithi hiyo hainishuki.

Tuanzie 1985. Tarehe 11 Mei jukwaa la Bradford City liliungua mchana kweupe mechi ikiendelea, watu 56 wakafa. Siku 18 baadaye wakafa 39 kwenye uwanja wa Heysel, Brussels. Katikati ya misiba hiyo miwili The Sunday Times likaandika kwamba soka ni mchezo wa watu wa mabanda, unaochezwa kwenye viwanja vya mabanda. Shabiki alikuwa wa kuzungushiwa wavu tu.

Hapo ndipo fanzini ziliposhika moto. Foul ya wanafunzi wa Cambridge ilishatangulia, 1972 hadi 1976, lakini ikazimika bila kuacha jamaa. The City Gent ya Bradford ilikuwa na miezi sita tu uwanja ulipoungua. When Saturday Comes, ambayo haikuwa ya klabu yoyote, ikatoka Machi 1986. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 90 zilikuwa mamia. Klabu nyingine zilikuwa na mbili tatu, zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Ujumbe wao ulikuwa: sisi si wahuni, tuna akili, na kucheka tunajua. Wakaeleweka. Sasa jiulizeni, Ligi Kuu ya England ilipoanza 1992 kwa pesa za televisheni ya Sky, ilimhitaji shabiki wa aina gani? Huyohuyo. Mwenye maneno, mcheshi, mwenye mapenzi yaliyopitiliza na asiyerusha chupa. Fanzini zilimwogesha shabiki, zikamvika, wenye biashara wakaja kumposa. Zilishinda heshima, zikapoteza nyumba. Nipingeni.

Refa Mstaafu

Napinga. Unamlaumu jogoo kwa sababu kumekucha.

Kilichobadilisha viwanja ni msiba wa uwanja wa Hillsborough, 15 Aprili 1989, watu 97 walipobanwa hadi kufa, na ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 iliyotaka viti badala ya majukwaa ya kusimama. Pesa zililetwa na satelaiti. Hata kama isingekuwepo fanzini hata moja, Sky wangekuja tu.

Kuna jambo umeliruka: kadi. Serikali ya Thatcher ilipitisha sheria 1989 ili kila anayeingia uwanjani England na Wales awe mwanachama aliyesajiliwa, mwenye kadi. Fanzini zilipiga kelele toleo baada ya toleo, bega kwa bega na chama cha mashabiki, Football Supporters' Association, kilichoundwa baada ya Heysel. Taylor naye alipoangalia akaona mitambo ya kukagua kadi inaweza kuongeza msongamano mageti, na msongamano ndio uliotoka kuua watu. Mpango ukazikwa. Huo ni ushindi unaoweza kuuonyesha kwa kidole.

Jezi Kuukuu

Mkuu, umejijibu mwenyewe. Mpango ulizikwa na jaji. Fanzini zilibeba jeneza.

Kipa Mfupi

Mmekuwa wazito mno, kama wanakamati. Fanzini kwanza ilikuwa kitu cha kushika. Nina moja kabatini: karatasi za A4 zimekunjwa katikati, pini mbili za stepla zimeota kutu na kutia doa ukurasa wa kati. Maandishi ni ya taipureta. Kichwa cha habari ni cha zile herufi za kusugua na kubandika, na R imelala kama mlevi. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo lazima idadi igawanyike kwa nne. Ukipungukiwa na habari, unamchora mwenyekiti wa klabu na mashavu makubwa, ukurasa umejaa. Naamini nusu ya kejeli bora za soka zilizaliwa na hesabu hiyo ya nne.

Na majina! Mashabiki wa Grimsby, mji wa wavuvi, waliita yao Sing When We're Fishing, yaani tunaimba tukiwa tunavua. Ya Middlesbrough ni Fly Me to the Moon, kwa sababu kocha Bruce Rioch aliwahi kusema akipelekwa mwezini angependa awe na beki wake Tony Mowbray pembeni. Hakuna ofisa wa masoko angebuni hilo. Ukizipima kwa ushindi na kushindwa tu, umekula ganda ukatupa ndizi.

Dada wa Kona

Ndizi tumeiona. Lakini kila mtu hapa anasema "shabiki" kana kwamba ni mtu mmoja. Walioandika wengi walikuwa wanaume weupe, na katika kurasa nyingi mwanamke alikuwemo kama kichekesho. Kwa hiyo Jezi, unaposema fanzini zilimwogesha shabiki, wengine hatukuitwa hata bafuni.

Hata hivyo nitawatetea wachache. Pale Leeds, mwishoni mwa miaka ya 80, watu wa National Front, chama cha siasa kali za kibaguzi, walikuwa wakiuza magazeti yao ya kibaguzi nje ya uwanja wa Elland Road, hadharani kabisa. Kikundi cha mashabiki wa timu hiyohiyo kikatoa kijarida, Marching Altogether, wakasimama na kukisambaza mahali palepale. Kile hakikuhitaji ucheshi, kilihitaji kifua. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu, maana walikuwa wanawaambia ukweli watu watakaosimama nao jukwaa moja baada ya nusu saa. Kumtukana mwenyekiti ni rahisi, yuko juu huko na kiyoyozi chake.

Beki Tatu

Nashangaa hadi sasa hakuna aliyetaja Charlton, wakati mada yote iko mle ndani.

Septemba 1985 Charlton Athletic, klabu ya London, walihama The Valley, uwanja wao tangu zamani, wakawa wapangaji wa Crystal Palace kule Selhurst Park. Uwanja ukaota magugu. Mwaka 1988 mashabiki wakaanzisha Voice of the Valley, ikawa haina wimbo mwingine: turudi nyumbani. Klabu ikakubali kurudi, lakini Januari 1990 halmashauri ya eneo hilo, Greenwich, ikakataa ramani za ujenzi.

Mashabiki wakafanya jambo ambalo hata leo nikilifikiria nacheka peke yangu. Waliunda chama cha siasa. Valley Party, hoja moja tu kwenye ilani, wakasimamisha wagombea karibu kata zote uchaguzi wa Mei 1990. Walipata kura 14,838, kama asilimia 11. Kiti hawakupata hata kimoja, lakini mwenyekiti wa kamati ya mipango alipoteza chake. Kibali kikaja kutoka. Tarehe 5 Desemba 1992 Charlton wakacheza The Valley dhidi ya Portsmouth, Colin Walsh akafunga, 1-0.

Jezi, unasema zilipoteza nyumba? Hawa waliirudisha, tena nyumba yenyewe.

Refa Mstaafu

Na hapo hakukuwa na jaji.

Jezi Kuukuu

Hapo nimeshikwa, nakiri. Na lile la jogoo nalo nalichukua, Sky wangekuja tu.

Ila naomba tutofautishe uwanja na klabu. Charlton walirudi The Valley, lakini nani alikuwa na hisa? Mtu anaweza kukurudisha nyumbani akabaki na hati. Ujerumani fanzini zilichelewa, Millerntor Roar! ya St. Pauli ilianza 1989, kwa kuiga Waingereza kwa kiasi kikubwa. Lakini kule klabu zilikuwa za wanachama tangu mwanzo, na zilipoanza kugeuzwa kampuni mwaka 1998 kanuni ikawekwa kwamba chama cha wanachama kibaki na kura zaidi ya nusu. Shabiki wa Ujerumani anaandika kijarida chake, halafu anaingia mkutanoni na kupiga kura. Mwingereza aliandika vizuri kuliko wote duniani, akamaliza, akarudi kusubiri mmiliki asome.

Kipa Mfupi

Siku hizi hata kuandika haandiki, anarekodi podikasti, na katikati anasoma tangazo la kampuni ya kamari.

Dada wa Kona

Podikasti angalau mimi nimo. Usinirudishe kwenye stepla.

Beki Tatu

Jezi, nikuongezee kuni kwenye moto wako mwenyewe. Mhariri wa Voice of the Valley baadaye aliajiriwa na Charlton, akakaa huko miaka. Unaweza kusema alimezwa, na mimi ningekuelewa. Lakini miaka ya 2010, alipoondoka na klabu ikawa imeangukia mikono mingine, jarida lilichapwa tena, likauzwa tena nje ya uwanja uleule waliourudisha. Safari hii lilikuwa likimpinga mwenye hisa.

Jezi Kuukuu

Lilikuwa na kurasa ngapi?

Kipa Mfupi

Zinazogawanyika kwa nne.