Wakuu naombeni ushauri: nataka kuingia kwenye desktopu yangu ya hosteli nikiwa idarani, mtandao wa chuo unanisumbua

Mahindi Mawili (mleta mada), Jumatatu saa 3:12 usiku

Habari za usiku wakuu. Nipo mwaka wa nne uhandisi, chuo sitakitaja. Mradi wangu wa mwisho ni kuifundisha kompyuta itambue magonjwa ya majani ya mahindi kwa kuangalia picha. Kazi yote iko kwenye desktopu niliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba vya Kariakoo, ramu 16GB, ipo chumbani hosteli. Mchana kutwa nashinda idarani na laptopu ya ramu 4GB, ambayo ukifungua picha mia mbili inaganda. Nataka nikiwa kule niingie kwenye desktopu, nione imefika wapi, nirekebishe, niiache iendelee. Zimebaki siku 11 kukabidhi na usingizi sina.

Nimewasha Remote Desktop ya Windows (ile ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali) na kufungua poti 3389, mlango wake wa mtandao. Leo inakubali, kesho inakataa. Nimegundua anwani ya desktopu (namba yake kwenye mtandao) inabadilika: asubuhi 10.20.14.63, jioni 192.168.0.104. Waya ni ule ule. Nifanyeje isibadilike? Msiniambie niende TEHAMA, hiyo njia nimeshaitoa.

Kifuu cha Nazi, saa 3:20

Nimekaa siti ya mbele, wajuzi wanakuja.

Mama Pacha, saa 3:31

Mdogo wangu, kabla ya yote, nakala ya hiyo kazi unayo? Mimi ripoti yangu ya shahada ilikuwa kwenye fleshi moja tu. Siku mbili kabla ya kukabidhi nikaichomeka kwenye kompyuta ya steshenari ili nichapishe, ikatoka mafaili yote yamegeuka kuwa njia za mkato. Nililia mbele ya foleni ya watu. Jamaa wa steshenari alinisaidia kuyafichua, lakini sura ya nne haikuonekana hadi leo. Nakili kwanza, mambo ya poti baadaye.

Nyundo ya Shaba, saa 3:40

Ongeza ramu kwenye laptopu, yaishe. Kijiti cha 8GB cha mtumba hakikushindi. Bumu likitoka tu, usilipeleke kwenye chipsi.

Fundi Seva, saa 4:02

Mkuu, twende taratibu. Windows yako ni ipi? Kama ni Home unajichosha, maana Home inaweza kuingia kwa wengine lakini yenyewe haipokei mgeni wa Remote Desktop. Inayopokea ni Pro na kwenda juu.

La pili ndilo linalonikereketa. Anwani zinazoanza na 10, na zile za 192.168, zote ni za ndani, zimetengwa kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1990. Chuo kikubwa kugawa za 10 ni kawaida. Sasa hiyo 192.168.0 inatoka wapi?

Mahindi Mawili, saa 4:09

Windows ni Pro, Fundi. Hiyo 192 sijui, labda chuo kina mitandao miwili. Mimi shida yangu ni isibadilike tu.

Fundi Seva, saa 4:13

Ukutani kwako kuna tundu moja la waya au mawili? Na waya unatoka ukutani moja kwa moja hadi kwenye desktopu?

Kasuku wa Feri, saa 4:30

Wakuu, hii ni chai, tena ya tangawizi. Kompyuta moja, waya mmoja, tundu moja, halafu mitandao miwili inapokezana zamu kama walinzi? Fundi kauliza swali la mtoto wa darasa la kwanza, dakika kumi na saba hajibiwi. Na kwa nini hataki TEHAMA? Mwenye kompyuta yake halali anaogopa nini? Ama hiyo desktopu siyo yake na anataka tumfundishe kuingia kwa mtu, ama kakaa chumbani anatunga.

Kifuu cha Nazi, saa 4:33

Leteni vikombe.

Bi Mkubwa wa Sheria, saa 4:41

Kama kompyuta siyo yako, ujue kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa la jinai, na hapo haijalishi ulitaka kuangalia picha za mahindi au za nini. Vijana mnaharibu maisha kwa vitu vidogo sana.

Mahindi Mawili, saa 4:58

Siyo chai na kompyuta ni yangu, risiti za vipuri ninazo. Nilichelewa kujibu kwa sababu umeme ulikatika.

Sawa, naeleza yote. Kuna ruta. Nilinunua ya elfu thelathini na tano, kwa sababu tundu ukutani ni moja na chumbani tupo wanne. Waya wa ukutani nimeuchomeka kwenye ruta, waya mwingine unakwenda kwenye desktopu. Majirani wa chumba cha pili nao wanatumia waifai yangu, wananichangia elfu mbili kwa wiki. Sheria za hosteli zinakataza ruta binafsi, ndiyo maana sitaki TEHAMA. Lakini ruta haina shida yoyote, chumbani kwangu mtandao unapatikana. Ile poti niliifungua humo humo kwenye ruta.

Fundi Seva, saa 5:06

Ahsante kwa kusema kweli. Waya wa ukutani umeingia tundu lipi la ruta? Lile lililojitenga lenye rangi tofauti, au mojawapo ya yale manne yaliyopangana?

Mahindi Mawili, saa 5:11

Moja ya yale manne. Nilijaribu lile lililojitenga siku ya kwanza, waifai ikawaka lakini intaneti ikagoma, nikahamisha. Likakubali.

Fundi Seva, saa 5:29

Basi Kasuku, siyo chai. Zamu za walinzi zipo kweli.

Mkuu, fikiria foleni ya hospitali yenye mgawa namba mmoja dirishani. Kila anayeingia anapewa namba yake. Wewe umeleta mgawa namba wa pili, ukamsimamisha mlangoni. Anayefika anauliza kwa sauti "nani anagawa?", wote wawili wanajibu, na anapokea ya aliyemuwahi. Mgawa namba wa chuo anatoa za 10.20. Wako anatoa za 192.168.0, na kibaya zaidi anawaambia watu njia ya kutokea nje ni yeye, wakati tundu lake la kutokea halina waya. Aliyepata ya kwako anakuwa na namba nzuri kabisa na intaneti hana.

Na hiyo haiishii chumbani kwako. Kwa kuchomeka kwenye yale manne, umejiunga na swichi ya korido nzima, kile kifaa kinachounganisha waya za vyumba. Kila chumba kilicho kwenye swichi hiyo kinaisikia ruta yako. Vyuo vingine swichi zao zimewekwa kuzuia mgawa namba asiyetambulika. Inaonekana hapo kwenu hazijawekwa. Ile poti 3389 kwenye ruta nayo haijafungua kitu, kwa sababu wageni hawapiti upande huo. Ulikuwa unaingia siku desktopu inapopata 10.20, basi.

Swali: kuna watu ghorofani wanalalamika?

Mahindi Mawili, saa 5:37

Mtandao wa ghorofa hii ulikuwa mbovu tangu mwaka wa kwanza. Siyo mimi niliyeuharibu.

Mama Pacha, saa 5:40

Mdogo wangu, umeulizwa kama wanalalamika.

Mahindi Mawili, saa 5:52

Kuna tangazo limebandikwa ngazini tangu Ijumaa, kwamba wanatafuta kifaa kinachovuruga mtandao na atakayekutwa nacho atachukuliwa hatua. Jamaa wa chumba cha mkabala alikosa jaribio la mtandaoni Alhamisi. Nilidhani ni bando lake. Nilikuwa nimepanga kuitoa ruta wiki ijayo kazi ikiisha. Nikiizima sasa wenzangu watatu wanakosa, na pesa ya majirani nimeshaitumia.

Kasuku wa Feri, saa 5:55

Naomba radhi kwa lile la chai. Ila hili la sasa ni baya kuliko nililolidhania.

Mzee wa Hesabu, saa 6:04 usiku

Nimesoma hapo juu poti 3389 nikasisimka mwili. Ofisi moja niliyokuwa mhasibu walifungua poti hiyo hiyo kuelekea intaneti ili bosi afanye kazi akiwa nyumbani. Paswedi ilikuwa jina la ofisi na 123. Jumatatu tunafika, kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni, na kwenye skrini kuna barua ya kudai bitcoin. Nakala yetu ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye kompyuta ile ile, nayo ikafungwa. Miezi miwili niliingiza vocha za karatasi upya, moja moja, kwa mkono. Mwanangu, ukifanikiwa kuifungua kweli hiyo poti, siyo wewe peke yako utakayeingia.

Fundi Seva, saa 6:20 usiku

Huhitaji kufungua poti yoyote. Fanya hivi usiku huu huu. Chomoa waya wa ukutani, uhamishie kwenye tundu lililojitenga. Siku ya kwanza liligoma pengine kwa sababu chuo kinataka ujaze jina na paswedi kwenye ukurasa wao kwanza; ukishachomeka fungua kivinjari, huo ukurasa utatokea. Hapo mgawa namba wako atawahudumia wa chumbani kwako tu.

Kisha weka Tailscale, programu ya kuunganisha kompyuta zako zilizo mbalimbali, kwenye desktopu na kwenye laptopu, akaunti moja. Kila kompyuta inapewa anwani yake inayoanza na 100 na haibadiliki hata ukihama mtandao. Zote mbili ndizo zinazotoka nje kutafutana, hivyo fayawoli ya chuo (ukuta wa kuzuia wageni wa mtandao) haina cha kufunguliwa. Remote Desktop uiite kwa anwani hiyo ya 100. Poti uliyofungua kwenye ruta ifute. Zima usingizi wa desktopu, na kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) weka iwake yenyewe umeme ukirudi, maana umesema unakatika.

Na asubuhi nenda TEHAMA. Najua hutaki. Mimi nimekaa upande ule wa meza. Tunayemtafuta wiki nzima ghorofa kwa ghorofa, tunamkuta na hasira zetu. Anayekuja na ruta mkononi tunamuuliza mradi wake unahusu nini.

Nyundo ya Shaba, saa 6:24 usiku

Na ramu ongeza.

Mahindi Mawili, saa 8:47 usiku

Nimehamisha waya. Ukurasa wa chuo umetokea, nimejaza, intaneti ipo. Poti nimeifuta. Tailscale imekubali, nimejaribu kwa laptopu nikitumia data ya simu, nimeiona desktopu, picha ya 3,118 inapita. Nakala nimeweka kwenye diski ya mwenzangu, ahsante dada Mama Pacha.

Jamaa wa chumba cha mkabala amegonga sasa hivi. Alikuwa macho anasoma, akachomoa waya akachomeka tena, mtandao ukarudi. Alikuja kuuliza kama na kwangu umerudi. Nimemwambia ndiyo. Alisimama pale mlangoni na daftari lake, anacheka, anasema labda jaribio watamruhusu kurudia akipata barua ya TEHAMA kuwa mtandao ulikuwa na hitilafu.

Wanafungua saa mbili asubuhi. Ruta nimeichomoa, ipo kwenye begi.