Naomba ushauri: nimwekee mzee filamu gani Jumapili?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi. Juzi nilimwekea baba Hatari! ya 1962, ile ya John Wayne iliyopigwa huku Arusha. Hadithi yenyewe nyepesi, na mapenzi yamezidi chumvi, lakini faru alipoligonga gari mzee aliweka kikombe cha chai chini, akasogeza kiti.

Jana nikajaribu Vuta N'Kuvute ya 2021. Mimi rangi zake zimenikosha. Yeye alisinzia mapema. (Mama anataka za Kihindi tu, hiyo kesi nyingine.)

Sasa nimeishiwa. Nitajieni ya zamani yenye wanyama au safari, maneno machache, maana Kiingereza hakipandi na maandishi ya chini hayaoni vizuri. Iliyotafsiriwa na DJ pia sawa, ila asiwe wa makelele.