Mkakati wa kitaifa wa usalama barabarani: tuanzie wapi?

Mpangaji:
Wakuu, napitia rasimu ya mkakati wa miaka mitano. Imejaa "kuelimisha umma" na "kuongeza doria", na lengo ni kupunguza vifo kwa nusu, kama lile la Umoja wa Mataifa la 2021–2030. Kipi kitangulie, na tupime nini kabla takwimu za vifo hazijatoka?

Fundi Lami:
Anza na mwendo, mkuu. Mtoto akijitokeza mita 14 mbele ya gari lililo kwenye kilomita 30 kwa saa, lami ikiwa kavu, gari linasimama kabla ya kumfikia. Lililo kwenye 50 linazimaliza mita hizo ndani ya ile sekunde moja ya dereva kushtuka. Linamgonga likiwa bado na 50.

Kibao peke yake hakimpunguzi mtu mwendo. Penye shule na soko weka tuta la mviringo, kimo sentimita 7.5 hadi 10, upana wa mita 3.7 kufuata uelekeo wa gari. Lifike hadi kwenye ukingo na pembeni pawe na nguzo, maana likiacha upenyo, pikipiki zitapita hapo hapo wanapopita watembea kwa miguu. Na lipakwe rangi inayoakisi mwanga. Tuta lisiloonekana usiku linaua.

Mpangaji:
Na barabara kuu? Huko matuta hayafai.

Fundi Lami:
Kabisa. Huko kinachoua sana ni kugongana uso kwa uso. Uswidi, ambako bunge lilipitisha sera ya kutokubali kifo chochote barabarani mwaka 1997, waliweka vizuizi vya nyaya katikati ya barabara za njia tatu, njia ya kupitana ikibadilishana upande. Vifo kwenye barabara hizo vilishuka kwa zaidi ya nusu.

Mtakwimu:
Kuhusu vipimo: kila robo mwaka pimeni wastani wa mwendo, wanaofunga mkanda (hata kiti cha nyuma), na helmeti zilizofungwa kidevuni, siyo zilizowekwa kichwani tu. Wastani wa mwendo ukishuka asilimia 1, ajali za vifo hushuka kama asilimia 4, kwa hiyo mtaona dalili mapema.

Vifo vihesabiwe hadi siku 30 baada ya ajali, na kumbukumbu za polisi zioanishwe na za hospitali. Tahadhari: mkishaoanisha, idadi inaweza kuruka juu. Andikeni hilo kwenye rasimu tangu sasa, la sivyo mkakati utabebeshwa vifo ambavyo zamani havikuhesabiwa.