Tupeane uzoefu: mliosoma vile vyuo "vipya" vya Uingereza, mnamwambia nini anayetaka kwenda?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mdogo wangu kamaliza form six, kapata ofa ya digrii ya kwanza huko Uingereza, ejenti anampamba kila siku WhatsApp kwamba chuo ni kikubwa, cha kisasa, kampasi ya kioo tupu. Baba naye kashikilia, anauliza kwa nini asiende Edinburgh alikosoma Mwalimu. Sasa nimeona kabla hatujauza kiwanja tupeane uzoefu, waliosoma kweli waseme, sio stori za kijiweni.

Naanza mwenyewe maana masta nilisomea huko 2018 mpaka 2019. Kwanza tuelewane hiyo "kisasa". Waingereza wakisema chuo kipya wanamaanisha kile kilichokuwa politekniki halafu sheria ya 1992 ikakiruhusu kujiita chuo kikuu. Ndio kina Coventry, Hertfordshire, Portsmouth, Nottingham Trent, Manchester Metropolitan na wengine kibao. Greenwich nayo imo, na kuna kichekesho hapo maana ni chuo "kipya" ambacho sehemu yake iko kwenye majumba ya zamani ya jeshi la maji aliyochora Christopher Wren, ukipiga picha pale kijijini wanajua umesoma kwa mfalme.

Ni vyuo halali, digrii yake ni digrii. Ila hawamo kwenye Russell Group, lile kundi la vyuo 24 ambavyo waajiri wa huku wanavijua kwa majina. Mimi hilo nililijua nikiwa nimeshafika, kwenye basi, niliambiwa na Mnaijeria. Sijutii chuo, nilijutia kutojua nimenunua nini. Haya, uwanja wenu.

Mbeba Boksi Mstaafu

Mkuu umegusa kidonda. Mimi ejenti wangu hakunitoza hata senti, nikamwona malaika, mama akampelekea na kuku. Baadaye ndio nikajua analipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa anachopeleka, kwa hiyo vyuo alivyonionyesha ni vile vinavyomlipa yeye, vingine hata hakuvitaja. Siyo kosa kisheria, ni biashara, ila ujue unaongea na dalali.

Akaniambia kampasi ya London, nani anakataa London? Nimefika na begi langu nauliza kampasi iko wapi naonyeshwa jengo la ofisi, sisi tuko floo ya pili mpaka ya nne, chini kuna duka la kahawa. Kampasi yenyewe yenye viwanja na maktaba kubwa na maabara iko mji mwingine kabisa unapanda treni. Darasani tulikuwa wageni watupu, nilimaliza mwaka sijapata rafiki Mwingereza hata mmoja, Kiingereza changu kikarudi na lafudhi ya Lahore. Na kodi ya chumba London usiniulize.

Ushauri wangu mwambie dogo aombe anuani kamili ya jengo atakalosomea, barabara na postikodi, aiweke kwenye ramani aangalie kwa macho yake.

Shemeji wa Rongai

Hapa kwa hela ndio watu wanaanguka. Mimi ni wa Kenya, nilinyimwa viza mara ya kwanza na masomo nilikuwa nimepita vizuri. Uncle yangu ndiye alikuwa ananisomesha tangu baba afe, kwa hivyo pesa zilikuwa kwa akaunti yake, tukatoa statement safi kabisa, zimekaa zaidi ya siku 28. Wakakataa. Sheria yao inasema akaunti iwe yako mwenyewe, ama ya mzazi, ama ya mlezi wa kisheria, ama ya mke au mume, na kama ni ya mzazi uweke birth certificate na barua yake. Uncle kwao si mzazi. Sasa nenda umwelezee mzungu wa viza kwamba huyu uncle ndiye alilipa hata mahari ya ndugu zangu.

Mara ya pili tukahamisha pesa kwangu, nikakaa nazo siku 28 bila hata kununua mandazi, maana ikishuka chini ya kiwango siku moja tu hesabu inaanza upya. Kiwango cha pesa ya kuishi kilikuwa kinatajwa kwa mwezi, mara miezi tisa. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa paundi 1,483 kwa mwezi ukisomea London na 1,136 ukisomea nje ya London, Novemba hiyo hiyo wakapandisha tena, kwa hivyo angalieni kwa tovuti ya serikali yao siku mnayoomba, msitumie namba ya mtu wa mwaka jana. Hiyo ni juu ya ada yenye hujalipa bado. Halafu kuna ile ada ya huduma ya afya, paundi 776 kwa mwaka, na unalipa yote mbele kwa urefu wote wa viza sio wa kozi. Masta ya mwaka mmoja unajipata umelipia mwaka na nusu, 1,164. Na kipimo cha TB lazima, Nairobi tunapimiwa IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji.

Wapange bajeti na hiyo yote kabla hawajalipa dipoziti ya chuo, juu kuirudisha si rahisi.

Binti wa Makunduchi

Assalaam alaykum. Mimi nilikuwa Leicester, na nitasema ya kuishi kwa sababu ya darasa watasema wengine.

Siku ya tatu nalia, natafuta unga, nikaelekezwa barabara ya Belgrave kwenye maduka ya Wahindi. Naingia nauliza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha, bibi mmoja nyuma ya kaunta akaniangalia akasema "wewe mtoto umetoka wapi, Unguja?" Wallahi nilishtuka. Kumbe wapo wengi pale waliotoka Uganda wakati Idi Amin alipowafukuza 1972, na wengine Kenya na kwetu, na Kiswahili wanakiongea mpaka leo, muhogo wanauita mogo na wanaukaanga kama chipsi. Yule bibi akawa ndio bibi yangu mji mzima, nikiumwa nampigia.

Nimesema haya kwa sababu watu huchagua chuo wakasahau kama wanachagua na mji. Mwenzangu alipelekwa mji mdogo wa pwani huko, wa baridi na upepo, hakuna msikiti karibu, nyama ya halali anapanda basi saa nzima, na Disemba jua linazama saa tisa na dakika hamsini za jioni, unaingia darasani mchana ukitoka usiku. Aliacha kula, akaacha kutoka, tukaja kujua mwezi wa pili. Vyuo vina ofisi ya kusaidia watu wanaozidiwa kichwani na ni bure, lakini sisi tumezoea kusema "alhamdulillah niko vizuri".

Na king'ora cha moshi! Nilikaanga dagaa kwenye jiko la hosteli, jengo zima likatolewa nje saa nne usiku, watu wamevaa taulo. Tangu siku hiyo nikaitwa jina la samaki. Funga mlango wa jiko, fungua dirisha.

Desa Kuu

😂😂 Binti umenikumbusha.

Mimi nizungumzie maksi maana zilinitoa jasho. Asaimenti ya kwanza nimepata 62, nimezoea Mlimani, yaani UDSM, nikipata B+ naona aibu, nikakaa chooni nikalia nikajua nimedisco, nafukuzwa chuo. Kesho yake namwona jamaa wa Kiingereza anashangilia 58! Kule digrii ya kwanza unafaulu kwa 40, ukifika 60 uko pazuri sana, 70 ndio daraja la juu kabisa, 85 labda uwe umeandika kitabu. Masta unafaulu kwa 50. Kwa hiyo wazazi mkiona 65 msimpigie mtoto simu mkamtukana.

La pili, kudesa. Sisi tumelelewa na madesa, unachukua kazi ya kaka wa mwaka wa tatu unabadilisha jina. Kule kila kitu kinapita kwenye Turnitin, programu inayolinganisha na kazi za wanafunzi wengine na kurasa za intaneti, na cha ajabu hata ukinakili kazi yako mwenyewe ya muhula uliopita unahesabika umeiba. Niliitwa kwenye kikao kwa sababu aya mbili sikuweka nimetoa wapi, sikuwa hata na nia mbaya, nilifikiri kusema maneno ya mwenye kitabu ni kumheshimu. Nikapewa onyo. Mwaka wa pili wangenipiga sifuri.

Halafu vipindi vichache balaa, kwangu vilikuwa masaa kumi hivi kwa wiki. Nikafikiri ni raha, kumbe yale mengine thelathini unatakiwa ujisomee mwenyewe na hakuna wa kukufuata. Lekcha anakwambia umwite jina lake la kwanza, mimi mwaka mzima nimemwita Profesa wakati sio hata profesa, alishachoka kunikataza.

Mlalahoi 77

Mnahangaika bure. Hizo hela si asome tu UDSM, vyuo vya wazungu wa daraja la pili vya nini

Desa Kuu

Mkuu Mlimani yenyewe imeanza 1961 ikiwa chuo kishiriki cha University of London. Turudi kwenye mada.

Fundi Chuma

Sasa mimi nitavitetea. Nimesoma uhandisi kwenye politekniki ya zamani na sibadilishi. Hivi vyuo vimezaliwa kwa ajili ya viwanda, walimu wangu watatu walikuwa wameshafanya kazi kiwandani kabla hawajashika chaki, na maabara zilikuwa wazi mpaka usiku. Kikubwa kabisa ni ule mwaka wa kazi katikati ya kozi, wao wanauita sandwichi, unasoma miaka miwili, wa tatu unaenda kampuni unalipwa mshahara wa kweli, unarudi kumalizia. Ada ya mwaka huo inakuwa ndogo sana.

Lakini sikilizeni hapa, kazi yenyewe hawakupi, unaitafuta. Niliandika maombi 63, nina daftari, majibu yalikuja tisa, usaili minne, nikapata moja mwezi wa sita wakati nimeshakata tamaa. Wenzangu wageni tuliojiandikisha kumi na moja tulipata watatu. Waliokosa waliendelea mwaka wa mwisho bila hiyo sandwichi. Kwa hiyo dogo aulize wanafunzi wa nje kwenye ile kozi wangapi walipata, sio "tuna makampuni rafiki 200". Na hakikisha huo mwaka umeandikwa kwenye CAS, ule uthibitisho wa chuo unaoombea viza, tangu mwanzo.

Kitu kingine, bodi. Uhandisi, unesi, uhasibu, angalia kozi yenyewe kama imetambuliwa na bodi ya taaluma, jina la chuo baadaye. Na ukirudi Bongo TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wataitaka, uliza kabla.

Nesi wa Mwanza

Kaka Fundi umenena. Mimi nawapa ya kazi za mtaani kwa sababu hapo ndio tunadanganyana sana, "ukifika utajilipia ada". Hujilipii ada. Viza ya digrii inakupa masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, na wiki yao inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, sio wastani wa mwezi. Nilikuwa kwenye nyumba ya wazee, meneja ananibembeleza "njoo tu Jumamosi hatuna mtu", nikaenda, ikawa 26. Mshahara unapita kwenye mfumo wa kodi na kila saa inaonekana. Sikulala wiki mbili. Aliyefanya hivyo mara kwa mara namjua, alirudishwa na hakumaliza. Na zile za kupeleka chakula kwa baiskeli kwa viza ya mwanafunzi haziruhusiwi kabisa, maana wanahesabu umejiajiri, na kukodi akaunti ya mtu ndio usithubutu.

Kazi ya wazee sio aibu, nimewaosha na wamenifundisha Kiingereza cha kweli. Ila zamu ya usiku halafu dizatesheni ya maneno elfu kumi na tano, mwili unagoma.

Mume Mwema

Mimi nauliza tu, masta naweza kwenda na mke na watoto? Jirani yangu alienda nao 2022.

Mleta mada

Hapana ndugu yangu, tangu Januari 2024 masta ya darasani huendi na familia, labda ya utafiti au PhD. Jirani aliwahi. Na hata ile viza ya kubaki baada ya masomo, sisi wa 2019 hatukuikuta kabisa, miezi minne mizigo uwanjani, ilifunguliwa 2021 ikawa miaka miwili, na kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 itakuwa miezi 18, wa PhD tu ndio wanabaki na miaka mitatu. Mdogo wangu akianza sasa atamaliza sheria zimebadilika mara tatu, kwa hiyo viza hiyo tumekubaliana nyumbani tusiiweke kwenye hesabu.

Mrejesho wenyewe: juzi nilimkalisha dogo tukamwandikia ejenti maswali manne kutoka humu. Anuani ya jengo, bodi inayotambua kozi, wanafunzi wa nje wangapi mwaka jana walipata sandwichi, na yeye analipwa na nani. Alikuwa anajibu ndani ya dakika moja hata saa sita usiku. Leo siku ya tatu, tiki mbili za bluu.

Mbeba Boksi Mstaafu

Hata anuani hajatuma?

Mleta mada

Katuma picha ya London Bridge.